Giaboksi Isiyovuma

Aliyetusimulia kisa hiki kwanza ni Delbert Hruska, rafiki wa baba, jikoni kwetu Toledo, mwaka 1979. Alikuwa amenunua Pontiac kuukuu ya gia tatu, gari lake pekee la kwendea kiwandani, na giaboksi haikuvuma hata kidogo. Wauzaji walaghai wa kwetu hujaza humo unga wa mbao ili kuzima mvumo wa gia zilizolika.

"Umepigwa, shemeji," alimcheka Vernon, ndugu wa mkewe. "Fungua uone ulivyolishwa unga."

Wakaingia chini ya gari, wakafungua nati ya kumwagia oili ya giaboksi. Giza la mle lilinuka nyama iliyooza. Oili ilitoka nzito kama kamasi, kisha zikafuata nywele za mvi, zikiteleza kwa sauti ya mtu anayemeza. Delbert alizivuta. Mwishoni zilikuwa na ngozi laini, yenye vuguvugu. Vernon akatapika. Walizitoa zote, wakaweka oili safi. Asubuhi walikuta nati imedondoka na nywele nyingine zinaning'inia tunduni.

Vernon alifariki 1983. Delbert yu hai, na huenda kila mahali kwa miguu. Gari liko palepale uani kwake. Nywele zimeshafika chini, na kila nikipita nazikuta zimechanwa kwa kitana.