Hadithi ya Luisa Iliyobeba Jina Langu

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, Darasa la Sita tulisoma Kurasa Kumi, jarida dogo la mashairi na hadithi fupi mno ambalo Mwalimu Rukaiya alilitoa shuleni kwetu Kitura. Msomaji nilikuwa mimi, Kunigunda. Sauti yangu ilifika hadi dirisha la nyuma, nami nilijivuna kupita kiasi.

Ijumaa moja ya Machi jarida lilitoka likiwa na hadithi yenye jina langu. Nilianza na shairi la mwenzetu Meshack kuhusu mbuzi aliyekula daftari, darasa likacheka. Kisha nikasoma yangu polepole, nikionja kila neno:

"Mama alitelemka ziwani kununua samaki. Alisema atarudi Jumamosi. Kila Jumamosi bibi humwekea ugali kwenye sahani ya bluu. Ugali hupoa. Asubuhi bibi huwapa kuku. Kuku wetu wamenenepa."

"Kunigunda, umeitoa wapi hii?" aliuliza Mwalimu.

"Kichwani mwangu, Mwalimu."

Ulikuwa uongo mkavu. Hapo Praygod akapaza sauti kutoka nyuma: "Si kwa kina Luisa hapo? Sahani hiyo naijua. Kumbe mama yake alitoroka!"

Wengine wakacheka. Luisa, rafiki yangu tangu chekechea, alikusanya madaftari yake akatoka bila kunitazama.

Alikuwa amenisimulia mwezi mmoja nyuma, kwenye ngokela, kazi yetu ya kulimiana kwa zamu, leo kwenu, kesho kwetu. Tulikuwa shambani kwa bibi yake, tukifukia majani kwa udongo ili kutengeneza ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani. Luisa alisimulia huku analia na kulima. Usiku ule niliandika yote.

Baada ya vipindi Mwalimu aliniita, nikakiri. Lakini nilijitetea pia. "Mwalimu, tulikuwa kwenye ngokela. Pale kila kitu ni cha wote. Togwa, majembe, hata nyimbo."

Sikuwa natania. Ndivyo nilivyoamini.

"Haya, twende ukamwambie bibi yake maneno hayo hayo," alisema.

Tulimkuta Bibi Hildegardi akichambua maharage barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nilimweleza yote, na utetezi wangu. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Ulipolima kwangu, uliondoka na shamba?"

"Hapana, bibi."

"Ulikunywa togwa, tukakushukuru, ukaenda kwenu. Shamba likabaki langu. Na habari ile ilikuwa ya Luisa, hata kama aliisema mbele yako."

Nilitamani kulia, lakini niliona aibu kulia mbele yake. Luisa alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu akamwahidi kwamba toleo lijalo lingetaja kwamba hadithi ni yake.

"Sitaki jina, Mwalimu," alisema Luisa. "Nataka isisomwe tena."

Basi nilizunguka nyumba kwa nyumba kuyakusanya majarida. Wengine walinipa, wengine walinisimanga kwanza. Mama Ignatio, muuza karanga, alikuwa ameshachana lake kufungia karanga. Mawili yalikwenda Mbinga mjini na ndugu za watu, na hayo hayakurudi. Huenda sasa hivi kuna mtu anayasoma na kumsifu Kunigunda.

Toleo lililofuata lilipotoka, nilisoma mbele ya darasa maneno yangu mwenyewe: "Hadithi ile haikuwa yangu. Niliichukua kwa rafiki yangu bila ruhusa, nikadanganya." Safari hii sauti haikufika dirishani.

Mwalimu Rukaiya akasimama. "Andikeni, wanangu. Lakini habari ya mtu iombeni kwanza kwa mwenyewe. Akikataa, nyamazeni, hata iwe tamu namna gani. Mkiiba kalamu mtairudisha. Habari ikishatoka, hamna pa kuirudisha."

Praygod naye alimwomba Luisa radhi. Hakuna anayemcheka Luisa tena, na mimi amenisamehe, alinitamkia mwenyewe. Bado tunalimiana. Ila nikimuuliza habari za nyumbani hujibu, "Nzuri tu," halafu huongeza kasi ya jembe.