Barafu Bila Kamba

"Yuko wapi?"

"Kilomita mbili mbele yako. Anaelekea Mkomani."

Nadra aliichomeka redio mkandani, akaiongezea boti yake kasi. Injini mbili za Yamaha zikanguruma.

Alikuwa na hasira ya wiki sita. Wiki sita tangu kuzikwa kwa Dawud, jasusi mwenzake, aliyelipuliwa na bomu Kizingitini. Kabla halijalipuka, habari za bomu lile zilikuwa zimeripotiwa mara tatu katika kikosi chao. Ripoti moja ilibaki kwa watu wa doria, moja kwa watu wa redio, ya tatu kwenye droo ya mkuu wao, Bwana Phineas.

Hakuna aliyeziunganisha.

Baada ya maziko, Shifaa, mhandisi wa mifumo ya kompyuta, alikaa na kila kitengo. Nani anajua nini? Anamwambia nani? Akaunda mfumo mmoja wa kuhifadhi yote, makosa yakiwemo. Phineas aliuita mchezo wa kompyuta.

Na asubuhi hiyo, kabla Nadra hajaingia baharini, mfumo ulipiga kengele. Boti iitwayo Sahil hununua barafu ya kuhifadhia kamba kila wiki, lakini haijauza kamba hata mmoja.

Nadra aliifikia, akaizuia.

"Hii ni ndia yangu ya kila siku, Bi," alisema Abdulkadir, nahodha. "Nimepakia kamba tu."

"Fungua sanduku."

"Fungua mwenyewe."

Akalisukuma hadi ukingoni, kisha akarudi mpaka tezi, mwisho wa boti, mguu mmoja juu ya ubao, tayari kujitosa.

Nadra alinyoosha mkono.

"Usiguse!" Sauti ya Shifaa, aliyekuwa akiwasikiliza, ilipasua redio. "Doria ya Kiunga waliandika kwenye mfumo. Mfuniko una waya!"

Nadra akaurudisha mkono. Waya kama ule uliomuua Dawud.

Nadra alichomoa Glock.

"Rudi hapa. Ukate wewe."

"Bi, nina..."

"Kata."

Abdulkadir alikata, jasho likimchuruzika. Chini ya barafu kulikuwa na vilipuzi na ramani ya gati la abiria.

Mkomani, polisi walimchukua. Phineas alisubiri gatini, mkono ameunyoosha kumpongeza.

"Umetuheshimisha, Nadra."

"Dawud ameacha watoto wawili, Bwana."

Akampita. Mkono ukabaki hewani.

"Shifaa," alisema redioni, "andika nikueleze alivyoukata ule waya. Hatua kwa hatua. Kiunga wasome leo hii."

"Naandika."

Nadra alivaa miwani yake ya jua, akapotea kwenye vichochoro vya Mkomani bila kugeuka.