Waliokuwa Chini ya Sakafu

Jua lilikuwa linazama Hajarah alipofika ghorofa ya kumi na mbili kwa ngazi. Lifti ilikuwa imekufa tangu vita. Sasa hoteli ilitaka kufunguliwa tena, na yeye, fundi cherehani wa Jinja, alikuwa ameitwa kupima mapazia ya mkahawa wa juu kabisa, ule uliokuwa ukizunguka polepole ili walaji waone mji, kisha mtaa wa Masese, kisha ziwa.

Mlinzi wa hoteli, Mugweri, alikuwa hapo tangu enzi za wanajeshi. Alikataa kuvuka kizingiti.

"Pima haraka, mama. Giza lisikukute humo."

Akapima dirisha la kwanza. La pili. Alipoinua macho, mabati ya Masese hayakuwepo tena dirishani. Kulikuwa na maji matupu.

Sakafu ilikuwa inazunguka.

"Mzee, umeme umerudi?"

"Umeme gani?" Mugweri alirudi nyuma mlangoni. "Toka!"

Ndipo akasikia. Chini yake. Kwaru... kwaru... kwaru... Miguu mitupu, mingi, ikijikokota. Harufu ya jasho ikapanda, na ya kidonda kilichooza. Kisha mtu akakohoa huko chini. Mara mbili, halafu moja, taratibu, kama anayeomba radhi.

Kikohozi hicho hakuwa amekisikia tangu askari walipomchukua mume wake, Yakub, dukani Bugembe. Miaka mitatu.

Mugweri aliingia mbio, akamkamata mkono amvute.

"Kuna nani huko chini?" Hajarah aliuliza.

"Umeme ulikuwa unakatika," akanong'ona. "Wakubwa walitaka kula huku wakizunguka. Wafungwa... walisukuma sakafu."

"Na wao, nani alikuwa anawasukuma?"

Mugweri aliuachia mkono wake.

Sakafu ikasimama.

"Afande Mugweri." Sauti nyingi, kwa pamoja, bila haraka. "Tumechoka. Shuka."

Kifuniko cha chuma kikafunguka miguuni pa Mugweri. Akazama hadi kifuani, kucha zikikwaruza mbao. "Mama, nishike! Nishike!"

Mkono wake ulikuwa karibu. Hajarah aliutazama.

Hakuushika.

Kifuniko kilipojifunga, alipiga magoti, akakigonga kwa ngumi. "Yakub! Ni mimi!"

Akaweka sikio kwenye chuma.

Kisha, sikioni kabisa:

"Usiniite. Toka."

Hakumbuki alivyoshuka zile ngazi.

Asubuhi polisi walikivunja kifuniko kwa tindo. Kutu ilikuwa imekishika kama kitu kisichoguswa kwa miaka. Ndani walikuta boriti ya kusukumia, imelainika kwa viganja, na saruji iliyolika mviringo kwa nyayo. Mtu hakuwemo. Wakasema mlinzi katoroka, anaogopa kushtakiwa.

Hajarah alihamia Mbale, chumba kimoja mtaa wa Namatala. Ule mkono aliouacha haumsumbui. Kinachomtoa usingizini ni maneno mawili ya mumewe. Mpaka leo hajui kama Yakub alikuwa anamwokoa, au alikuwa anamchukia kwa kuwa yeye alibaki juu, hai.