Nyayo za Dama

Watu wakisikia jina la Mwakirunge hukumbuka jaa la taka na machimbo ya mawe, wakaishia hapo. Shauri yao. Sisi tunaokaa huku, mwisho kabisa wa Kisauni, tuna jambo jingine la kujivunia: kikundi cha ngoma cha shule yetu ya msingi. Mwaka huu kiongozi wa safu alikuwa Dama, binti wa Tinga mkata mawe. Alikuwa msichana wa Gredi ya Sita mwenye miguu myepesi kuliko ulimi wake, na ulimi wenyewe haukuwa mzito.

Siku ya Dama ilianza kwa ufagio. Alifagia uwanja, akamwagilia matuta ya mchicha ya mama yake, kisha akaenda kumwamkia bibi yake mzaa baba, Mbeyu, ambaye kwa desturi ya Wagiriama alimwita Hawe.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unywe chai, mihogo isipoe."

Katika nyumba ile birika halikupata kupumzika. Chai ya rangi, nzito, ilinywewa asubuhi na mihogo, mchana na wali, na jioni na ugali. Hawe aliamini kuwa chakula kisichosindikizwa na chai hakishuki. Dama alikunywa kikombe chake, akavaa sare, akapita dukani mara moja, halafu akaenda shule huku akipiga hatua za ngoma njiani bila kujijua.

Ngoma yao ilikuwa gonda. Baada ya masomo, kayamba zilichakarika, njuga za miguuni zikaitikia, na Dama akatangulia mbele ya wenzake akiwa amevaa hando, sketi nyeupe ya marinda. Hawe aliicheza ngoma hiyo ujanani. Kila siku ya mazoezi alikuja kusimama kando ya uwanja akiwaambia watu, "Yule wa mbele ni wangu." Hata waliokwisha kujua waliambiwa tena.

Tamasha la kaunti lilikuwa limekaribia. Wakishinda hapo wangeingia la Pwani nzima, na wakishinda huko wangesafiri hadi bara kwa tamasha la kitaifa. Hakuna mtoto wa Mwakirunge aliyewahi kufika huko kwa ngoma.

Basi ni wakati huo ndipo miguu ya Dama ilipoanza vituko. Mchana ilikuwa salama. Lakini kila alipojilaza kitandani, alihisi kitu kikimtekenya nyayoni kisha kikipanda hadi kwenye vigimbi vya miguu, kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Alitazama, hakuona upele wala mdudu. Akijikuna, hapakuwa na mahali pa kukuna. Akiinuka na kutembea, kinatulia. Akilala tena, kinarudi. Alimweleza bibi yake asubuhi iliyofuata.

Hawe aliweka birika chini akapiga vigelegele.

"Nyayo zinakutekenya? Zote mbili? Wee! Hiyo ni safari, mwanangu! Wayo ukitekenya, mwenyewe atasafiri. Mmeshashinda nyinyi!"

"Mama, pengine ni mbu tu," alisema Gladys, mama yake Dama.

"Mbu gani anayeuma asiache alama? Mimi nyayo zilinitekenya kabla sijaolewa, na safari nikaiona."

Kufika adhuhuri, kitongoji kizima kilikuwa na habari. Gladys alitikisa kichwa, lakini wateja wake wa mchicha walipompongeza, naye alitabasamu. Shuleni, wacheza ngoma walimzunguka Dama kana kwamba tiketi za safari zilikuwa mfukoni mwake. Rafiki yake Rania, aliyecheza nyuma yake katika safu, alivua kiatu akatazama wayo wake mwenyewe.

"Wangu kimya," alisema Rania kwa masikitiko.

"Usijali. Nitatekenywa kwa niaba yenu nyote," Dama alijibu kwa madaha. Kusema kweli, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo.

Ila safari ile ilikuwa na nauli yake, na nauli ilikuwa usingizi. Usiku Dama aligeuka huku na huko, akasugua miguu kwenye shuka, akainuka, akalala, akainuka tena. Hakumwambia mtu kwamba halali. Alihofu kwamba akitibiwa mtekenyo utaondoka, na ukiondoka utaondoka na safari ya kikundi kizima. Mchana alisinzia katika somo la Sayansi hadi paji la uso likagonga dawati. Akipanda ngazi za darasani, pumzi zilimwishia kama mtu aliyebeba tofali. Kwenye ngoma, njuga zake zilianza kuchelewa nyuma ya kayamba.

Mwalimu Mwarandu, mkufunzi wa ngoma, alisimamisha mazoezi.

"Dama!"

"Abee, mwalimu."

"Safu nzima inafuata miguu yako. Ukichelewa wewe, wamechelewa wote. Una nini?"

"Sina kitu, mwalimu."

"Basi nitakutazama wiki hii. Mambo yakibaki hivi, Rania atakaa mbele. Simwonei mtu, nataka ngoma isimame."

Maneno hayo yalimchoma Dama. Walipokuwa wakivua njuga, Rania alimsogelea.

"Mimi sitaki nafasi yako kwa njia hii. Wallahi sitaki. Niambie kweli, unaumwa?"

Dama alimweleza yote kuhusu usiku wake. Rania alisikiliza, kisha akaguna.

"Safari gani hiyo inayokuchosha kabla hujaondoka? Dama, mwambie mama."

"Na mtekenyo ukipona, tukose safari?"

"Tutaikosa vilevile ukianguka jukwaani."

Jioni hiyo Dama alimwambia mama yake kwamba halali. Hawe alipinga, akasema ishara njema haipelekwi hospitali. Gladys alikuwa mtu wa heshima, na hakuzoea kumjibu mavyaa wake. Siku hiyo alimjibu.

"Mama, nisamehe. Ishara ikiwa njema itasubiri. Mtoto hana usingizi, nami nimeona macho yake."

Asubuhi walikwenda zahanati, na Hawe akafuatana nao akiwa na leso yake mpya, eti kwenda kuhakikisha kwamba safari haitolewi kwa sindano.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Bi. Sheikha, mama mwenye sauti ya taratibu. Alimsikiliza Dama bila kumkatiza. Aliuliza kama mtekenyo huja akiwa ametulia, na kama huondoka akitembea. Dama akasema ndivyo. Bi. Sheikha alimvuta Dama kope ya chini ya jicho akatazama ndani, akatazama viganja, kisha akamtoboa kidole na kuchukua tone la damu kulipima. Aliporudi na majibu alivuta kiti karibu.

"Damu yako ni kidogo, mwanangu. Sasa nikuulize jambo. Unakula udongo?"

"Udongo!" Gladys alijibu kabla ya binti yake. "La, dada. Mtoto wangu nimemlea mwenyewe. Hali udongo."

Alilisema hilo kwa fahari, kifua mbele. Dama aliinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza, na mama yake angerudi nyumbani na fahari yake. Lakini aliikumbuka safu nzima iliyofuata miguu yake. Alifungua mkoba, akatoa mkebe wa jometri, akaufungua mbele yao. Bikari haikuwamo, wala rula. Kulikuwa na vipande vya udongo wa kutafuna, ule unaouzwa dukani, vimebaki vichache na vumbi lake.

"Nakula, mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Tangu likizo. Kila asubuhi napita dukani. Nikiisikia harufu yake siwezi kujizuia."

Gladys alifunika uso kwa leso. Bi. Sheikha akaufunga ule mkebe taratibu.

"Usimkaripie, mama yake. Umelea vizuri, ndiyo maana amesema. Wengi hapa hukana mpaka mwisho. Mtu akipungukiwa na madini ya chuma mwilini, mara nyingi hutamani udongo. Nao udongo humwongezea shida, tena una uchafu na mayai ya minyoo. Na upungufu huo huo waweza kuleta mtekenyo wa miguu usiku. Nyumbani mnakula nini?"

"Ugali, wali, mihogo," alisema mama.

"Na chai," Hawe akaongeza, kwa fahari.

"Pamoja na chakula?"

"Kwani chai hunywewa na nini?"

Bi. Sheikha akacheka. "Bibi, chai sikukatazi. Lakini ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata yale madini. Ipe nafasi, inyweni baadaye. Na mboga je?"

"Mchicha ninao matuta mazima," alisema Gladys, kisha akasita. "Lakini nauza."

"Basi wateja wako wana damu nzuri! Bakisha fungu la nyumbani. Mchicha, kunde, maharagwe, dagaa. Mboga kamulia ndimu, husaidia."

Alimpa Dama vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, akamwonya asimeze zaidi ya alivyoelekezwa. Akamfundisha pia la kufanya kabla ya kulala: aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, asugue vigimbi na kuvinyoosha, alale saa ile ile kila siku, na ukija mtekenyo ainuke atembee kidogo bila kuogopa. "Na urudi tupime tena. Damu haijai kama ndoo kwenye bomba. Itachukua muda."

Kesho yake, kabla ya mazoezi, Dama alikwenda kwa Mwalimu Mwarandu mwenyewe.

"Mwalimu, nilikudanganya. Niliumwa, na bado sijapona. Mweke Rania mbele kwenye tamasha la kaunti. Mimi nitacheza nyuma yake."

"Kiongozi ndiye huyu," alisema mwalimu akimshika Dama bega, kisha akamkabidhi Rania njuga za mbele.

Kaunti wakashinda, Rania akiongoza. Dama, wa pili katika safu, alipiga vigelegele kuliko wote. Nyumbani birika lilihamia mwisho wa mkeka mpaka sahani zitolewe, na Hawe alilitazama kama mtu anayemwona rafiki yake kifungoni. Lakini alivumilia. Jioni alimsugua mjukuu wake miguu kwa mikono yake mwenyewe. Udongo ulimtamanisha Dama kwa majuma kadhaa, ila alibadilisha njia ya kwenda shule ili asipite dukani. Kidogo kidogo wale sisimizi wakapungua, mpaka ukaja usiku alipoweka kichwa kwenye mto na kuamka kumekucha.

Tamasha la Pwani lilipofika, mashavu yake yalikuwa na nuru na njuga zake zililia pamoja na kayamba. Mwalimu aliwaweka mbele wawili, Dama na Rania, bega kwa bega. Jina la shule yetu liliposomwa kwamba itakwenda kitaifa, Gladys alilia hadharani, na Tinga, mwanaume asiyejua kucheza, alicheza na mavumbi yake ya mawe. Sisi sote tulicheza. Nani angekaa?

Usiku wa kuamkia safari, Hawe aliketi ukingoni mwa kitanda cha mjukuu wake.

"Dama."

"Abee, Hawe."

"Nilikosea, mjukuu wangu. Nilidhani miguu yako inatabiri kesho, kumbe ilikuwa inaomba chakula leo. Mwili ukikwambia kitu, usiupambie ishara. Nenda kwa mwenye kujua, na akikuuliza, mwambie yote kama ulivyosema siku ile. Mimi najivunia ngoma yako, lakini ule mkebe ulioufungua mbele ya mama yako najivunia zaidi."

Akamfunika shuka, kisha akamgusa wayo.

"Zinatekenya?"

"Hazitekenyi, Hawe. Kimya kabisa."

"Basi lala," alisema Hawe akitabasamu. "Una safari."