Mkate Usio na Jina

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja Oktoba, kwenye tanuri la nyumba moja katika mji wa Santa Bárbara de Achuta, walikuwapo watu wanne na mtoto mchanga. Alikuwapo Fortunata Colquehuanca, mwenye nyumba, mjane wa Hilarión Ticona. Alikuwapo Gumersindo Ticona Apaza, mdogo wa marehemu huyo, ambaye wiki ile alikuwa amelijenga upya tanuri lililobomoka. Alikuwapo jirani, Casilda Poma. Alikuwapo Benita Callisaya, mkwewe Fortunata, na mgongoni mwake binti yake, ambaye hakuwa na jina bado, kwa kuwa padri wa kubatiza hufika Achuta mwezi Februari tu.

Walikuwa wanaoka watoto wa mkate. Kila mtoto ni wa marehemu mmoja. Hufinyangwa huku jina lake likitajwa, hubandikwa uso mdogo wa udongo, na adhuhuri ya kesho yake huwekwa mezani, roho zinapokuja kula.

Lilibaki donge moja. Casilda akalitia kichwa na mikono.

"Huyo wa nani?" Fortunata akauliza.

"Wa yeyote. Unataka nitupe unga?"

"Hana hata uso."

"Basi awe meya," Gumersindo akasema. "Naye tangu tumchague hatujauona uso wake."

Wakacheka. Mkate ukaingia tanurini.

Ulipotoka ulikuwa na uso: macho yaliyofumba, pua, mdomo mwembamba. Ulinuka kama chumba kilichofungwa miaka mingi.

"Ni nyufa tu," Casilda akasema, lakini hakuugusa.

Fortunata akamgeukia Gumersindo. "Shemeji, mawe ya tanuri uliyatoa wapi?"

"Juu, kwa Wazee."

"Uliwapa majani ya koka kuwaomba ruhusa?"

"Kanisa limejengwa kwa mawe hayohayo, shemeji. Na shule. Nani aliwapa koka?"

Alisema kweli. Wazee ni watu walioishi kabla ya jua kuwapo. Lilipochomoza mara ya kwanza liliwakausha wakiwa wamejikunyata ndani ya minara yao ya mawe. Wahispania waliibomoa minara hiyo wakajenga kanisa, wenye migodi wakajenga maghala, na baadaye kila aliyetaka ukuta alipanda mlimani na punda wake. Hakuna anayejua jina la hata Mzee mmoja.

Mkate wa wafu hautupwi. Fortunata aliuweka pembeni mwa meza, nyuma ya maua.

Kesho yake, kengele ya adhuhuri ilipolia, ukungu uliteremka kutoka mlimani ukalifunika jua. Chumba kikawa baridi, ile harufu ikatanda, na kutoka nyuma ya maua ikasikika sauti ya kutafuna, polepole, kama ya mtu aliyesahau jinsi ya kula, kisha pumzi, kisha mnong'ono mkavu uliouliza, "Mimi nani?" na ukauliza tena, karibu zaidi, hadi ukawa unatokea ndani ya nguo aliyobebewa mtoto mgongoni mwa Benita.

"Mama," Benita akanong'ona, "mtoto ameacha kulia."

"Amelala."

"Macho yake yako wazi. Amekuwa wa baridi."

Gumersindo alikimbia kumwita mganga, Macedonio Larico. Mganga huyo alimwaga majani ya koka juu ya kitambaa, akayatazama kwa muda mrefu.

"Mmemwalika mmoja wa Wazee, amekuja," akasema. "Wafu wengine kesho adhuhuri wataombewa kwa majina yao, waondoke. Huyu ataombewa kwa jina gani? Amemwona mtoto asiye na jina, akadhani amefika kwake. Kesho asipoondoka, atabaki humo, na mtoto hatakuwepo."

"Nimpe mwanangu jina sasa hivi," Benita akasema.

"Ukilitaja, atalichukua yeye. Kwanza apewe la kwake. La mtu kweli, si la kubuni."

"La marehemu Hilarión," Casilda akasema kwa sauti ya chini. "Yeye kesha kufa."

Fortunata akafuta mikono yake kwenye sketi. "Na Hilarión ataitwa nani huko njiani?"

"Msimguse kaka," Gumersindo akasema. "Mawe niliyaleta mimi; mpeni jina langu."

"Wewe u hai, Gumersindo," mganga akasema. "Jina likishaombewa safari, mwenye nalo naye husafiri."

"Basi litajeni sawasawa. Apaza ni la mama yangu. Msiliruke."

Kesho yake adhuhuri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mapaa, waliwaombea wafu wote, na mwishowe Macedonio akauinua ule mkate, akatamka, "Gumersindo Ticona Apaza, umekula, umeshiba, nenda," na Fortunata na Benita na Casilda wakaitikia, na Gumersindo mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akaitikia pamoja nao. Mkate ukapasuka. Ndani mlikuwa na vumbi. Jua likatoka, na mtoto akalia akitaka kunyonya.

Benita akamwagia maji kichwani, akamwita Eulalia Ticona Callisaya.

"Mbona mimi bado nina njaa?" Gumersindo akasema, na Casilda akacheka huku analia. Gumersindo alikula viazi viwili, akalibomoa tanuri, akampakia punda mawe ya Wazee na kushika njia ya mlimani. Fortunata alimwita kwa jina kutoka mlangoni. Hakugeuka. Alimwita tena.

Gumersindo Ticona Apaza alifariki alasiri hiyo, tarehe mbili Novemba, njiani.