Kidogo Kiasi Gani?

Kila alasiri baada ya masomo, Mbishi hukaa kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei akimsubiri mama yake, ambaye ndiye mpiga picha za eksirei wa hospitali. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, hata mwalimu akalizoea, kwa sababu hakuna jambo alilokubali bila kubishana kwanza.

Siku hiyo aliletwa rafiki yake wa darasani, mkono umevimba baada ya kuanguka uwanjani. Daktari alihofia mfupa umevunjika. Bila picha angeufunga kwa kubahatisha, na huenda ungeunga ukiwa umepinda. Lakini bibi wa mgonjwa alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mjukuu wangu hapigwi mionzi," alisema. "Nimesema."

Mbishi alishindwa kujizuia. "Bibi, mionzi haina madhara hata chembe."

"Haina? Basi mbona mama yako akitaka kubonyeza kitufe anajificha nyuma ya ukuta?"

Bibi akamshika mjukuu mkono mzima, tayari kuondoka.

Mama yake Mbishi alikuwa amesikia yote. "Shikamoo, mama. Una haki ya kuuliza. Madhara yanaweza kuwepo, ndiyo maana tunapima. Unapika kwa mkaa?"

"Tangu sijaolewa."

"Basi hesabu cheche zinazoruka kila sekunde. Kwa mionzi, hesabu kama hiyo huitwa bekereli, kipimo cha vitu vinavyotoa mionzi vyenyewe. Joto linaloingia kwenye sufuria ni kama grei, kipimo cha nguvu ya mionzi inayoingia kwenye kitu. Lakini joto hilohilo likigusa kiganja si sawa na likigusa jicho. Kipimo cha athari mwilini ndicho siveti."

"Na huyu atapata siveti ngapi?" Bibi alikuwa bado amekunja uso.

"Igawe siveti moja mafungu milioni. Atapata kama fungu moja hivi. Ardhi na anga vinatupa sote zaidi ya hapo kwa siku moja. Mimi najikinga kwa sababu napiga picha kutwa, mwaka hadi mwaka. Anayepita jikoni mara moja si sawa na anayeshinda humo. Na mashine ikizimwa imezimwa kama taa, hakuna kinachobaki mwilini."

Bibi akauachia ule mkono mzima. "Ingia," akamwambia mjukuu. "Lakini mimi siondoki."

"Usiondoke, mama. Njoo tujifiche wote."

Picha ilionyesha ufa, na daktari akaufunga mkono sawasawa.

Njiani kurudi nyumbani Mbishi alinuna. "Mimi nilikuwa nakutetea."

"Najua, mwanangu, na ubishi wako siukatazi. Ila ulipomwambia hakuna madhara kabisa, ulimpa sababu ya kuondoka, na mkono wa rafiki yako ungepinda. Mtu mwambie hatari ipo, kisha mwambie ni kiasi gani."

"Na kama sijui kiasi?"

"Sema hujui, kisha ukaulize."

Mbishi alitaka kubisha, lakini akauliza, "Siveti moja ni mafungu mangapi vile?"