Vidole vya Lanyero

Mistari ilikuwa mitatu, na vinanda vilikuwa viwili.

Nyongesa alidhani ni kosa la programu. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, mwenye studio ndogo Kyambogo: chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa magodoro ili sauti isitoke nje. Mchana ule alikuwa akirekodi na Lanyero, mwanafunzi wa muziki, binti wa askari. Kila mmoja alikuwa na kinanda chake. Vinanda vyenyewe havikulia. Vilipeleka kwenye kompyuta habari ya kila kitufe kilichobonyezwa, na piano ya ndani ya programu ndiyo iliyolia. Kwenye kioo cha kompyuta noti za Nyongesa zilijiandika katika mstari wa bluu, za Lanyero katika mstari wa kijani.

Sasa kulikuwa na mstari wa tatu, mwekundu.

"Umeongeza kitu?" aliuliza.

"Sijagusa kitu, kaka. Lakini hiki kinanda ulinunua wapi? Kinanuka kama nywele zinaungua."

"Mtumba, kule sokoni Kikuubo. Ni vumbi tu. Turudie."

Wakarudia. Nyongesa akatazama vizuri zaidi. Noti nyekundu zilitangulia, za kijani zikafuata zilezile, kama mtoto aliyeshikwa mkono afundishwe kuandika.

"Inatosha," alisema, akaondoa mikono yake.

Lanyero hakuondoa yake.

"Kaka," alinong'ona, "haitoki."

Nyongesa alimshika kiganja akavuta. Lanyero akapiga yowe, maana vidole vyake vilianza kujipinda kuelekea nyuma, kimoja kimoja, polepole. Nyongesa alirukia kinanda chake, akapiga noti yoyote iliyomjia, na vile vidole vikalegea. Alipoacha, vikapinda tena. Simu ilikuwa karibu na mlango, hatua nne tu. Alijaribu mara mbili kuifuata, na mara zote mbili kilio cha Lanyero kilimrudisha kwenye kiti.

Walipiga kelele. Magodoro yakazimeza.

Kisha umeme ukakatika, kioo cha kompyuta kikafa, spika zikafa, giza likajaa chumbani mchana kweupe, na katika giza lile, bila waya wala umeme, piano iliendelea kulia, ikizidi kwenda kasi, na harufu ya nywele zinazoungua ikawakaba koo, na Nyongesa akapiga na kupiga huku machozi yakimtoka, akijua kwamba mikono yake itakapochoka ndipo mikono ya binti wa watu itakapovunjika.

"Usiniache," Lanyero alisema.

"Niende wapi?"

Alasiri mlango ulifunguliwa. Alikuwa Faridah, mama yake Lanyero, aliyekuja baada ya kupiga simu bila kujibiwa. "Banange! Jamani!" alisema. Kisha akampigia Sheikh Abdul-Karim wa Kawempe, naye akafika kwa bodaboda.

Nyongesa akiwa bado anapiga, Sheikh alisoma dua kwenye maji, akamnyunyizia Lanyero. "Wewe ni nani?"

Sauti nzito ya kiume ilitoka kinywani mwa msichana. "Mwenye kinanda. Nataka mikono."

"Hupati," alisema Sheikh, akawageukia Nyongesa na Faridah. "Nyinyi msimwahidi kitu! Hata neno moja."

Aliendelea kusoma. Hata noti za Nyongesa hazikusaidia tena: kidole kidogo cha Lanyero kikavunjika, kaa! kama kijiti kikavu.

"Mwache mwanangu!" Faridah alilia. "Chukua yangu!"

"Usiseme, mama!" Sheikh alimkemea.

Lilikuwa limekwisha kusemwa. Lanyero alianguka sakafuni, yuko huru, na Faridah, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kugusa kinanda, akavutwa hadi kwenye kinanda kile, akapiga kwa vidole vyote kumi, macho yamemtoka. Sheikh alisoma hadi magharibi, sauti ikamkauka. Ndipo kinanda kikapasuka katikati, harufu ikaisha, na mikono ya Faridah ikadondoka mapajani.

"Ametoka," alisema Sheikh. Lakini alisema akitazama chini.

Kinanda kilichomwa moto usiku uleule. Nyongesa aliifunga studio, akarudi kwao.

Siku ya tisa Lanyero, kidole kimefungwa bendeji, aliketi jikoni akimtazama mama yake akikanda unga wa chapati.

"Mama, mikono bado inauma?"

"Nimepona."

Faridah alinawa, akajifuta, akachungulia sebuleni alikokuwa mumewe, kisha akausukuma mlango ukajifunga. Alimsogelea binti yake, ameinamisha uso kwa aibu.

"Lanyero, mwanangu," alinong'ona. "Ninunulie kinanda."